Plagi Mkononi mwa Dorotea

Pikipiki aina ya Boxer ililia kama inachinjwa.

Clever Maige aliinama juu ya tangi, akalipita lori la pamba upande ambao mtu mwenye akili zake hapitagi. Vumbi. Mashimo. Ng'ombe katikati ya barabara.

Hakupunguza mwendo.

Kifaa kidogo sikioni kikakwaruza. Mkuu wake.

"Kamongo, uko wapi?"

"Nyamuswa nimeiacha nyuma."

"Dereva tuliyemkamata Bunda ametapika yote. Bomu limo kwenye king'amuzi."

"Rudia."

"King'amuzi cha televisheni. Kiko kwa Dorotea, Butiama. Mtu wao amejifanya fundi, anafunga dishi sasa hivi. Plagi ikiingia kwenye umeme, nyumba inaondoka."

"Mpigie simu mama wa watu!"

"Inaita tu."

"Mlinzi wake, Lameck?"

"Hapatikani. Na fundi ana bastola, akiona sare ya polisi ataanza na Dorotea. Nenda wewe."



 

Kamongo ni samaki anayebaki hai topeni hata maji yakikauka. Idara ya Usalama ilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hafi. Leo hakuwa na uhakika.

Dorotea alikuwa muuza samaki wa kivukoni Kisorya. Alfajiri moja, akikaanga sato, alimwona mgeni mmoja anaitwa Lenz akishusha masanduku ya bunduki kwenye boti. Alimjua vizuri. Ndiye mteja aliyekuwa akilalamika chumvi kila siku. Kesho Dorotea alitakiwa asimame mahakamani Musoma, amtaje Lenz, ambaye bado alikuwa mafichoni. Shahidi mwingine hakuna.

Idara ikamficha Butiama. Ikamwambia akae kimya, asijulikane.

Dorotea? Asijulikane? Wiki haijaisha alikuwa anajua mtaa mzima nani kanuniana na nani, na kwa nini. Ilipokuja zawadi ya bahati nasibu ambayo hajawahi kuicheza, dishi na king'amuzi bure, akaita majirani wote waje waangalie mpira.

Clever aliiacha Boxer kwenye uzio wa minyaa, akatembea. 

Madishi yote ya mtaa ule yalielekea magharibi, upande wa ziwa. La Dorotea lilielekea mashariki. Nati zinacheza. Waya wa kwenda ardhini wa kukinga radi haupo.

Aliyelifunga hakuwa na haja ya picha.

Ndani ilisikika sauti moja tu, ya chini. 

Akachungulia mlangoni. Watu wamejaa mpaka kwenye masufuria ya pilau, vichwa chini, macho wamefumba. Katekista Faustine alikuwa anaiombea televisheni. Lameck mlinzi alikaa safu ya mbele, sahani mapajani, naye amefumba macho.

Dorotea alisimama mbele ya wote. Mkononi ameshika plagi, hapo hapo juu ya ekstensheni.

Alikuwa anasubiri sala ifike Amina.

Macho mawili tu yalikuwa wazi chumba kizima. Ya kijana mwenye ovaroli jipya na mkoba begani, ananyata kuelekea mlangoni. Yakagongana na ya Clever.

Mkono wa kijana ukazama kwenye mkoba.

Clever alikuwa na bastola yake, Glock, chini ya shati. Lakini kati yao kulikuwa na watoto kwenye mkeka. Akasogea, akamkumbatia bega kama ndugu, akambana mkono ule ndani ya mkoba.

"Shemeji," alinong'ona, "unaondoka kabla ya Amina?"

"Nina kazi nyingine Buhare."

"Na picha hujaiona?"

"...kwa Kristo Bwana wetu," katekista akamaliza.

"AMINA!"

Mkono wa Dorotea ukashuka.

"Mama, subiri!"

Sauti ya Clever ilipasuka kama ya mtoto anayebalehe. Watu wote wakageuka, waliosimama nyuma wakauziba mlango.

"Wewe nani tena?" Dorotea aliuliza.

"Mkaguzi, mama. Natoka dukani Musoma." Akaupora mkoba wa fundi kana kwamba anamsaidia kubeba, akaruka miguu ya watu mpaka mezani, akautupa chini na kuukanyaga. "Umeme hauchomekwi kabla sijakagua. Na hiki kitambaa nani kaweka juu? Kinaziba matundu. King'amuzi kinapumua, kikikosa hewa kinaungua."

"Si nilisema mimi!" jirani mmoja, Gaudensia, akadakia. "Nilimwambia vitambaa apeleke kwenye makochi."

"Gaudensia, kitambaa nimefuma mwenyewe, niache."

Clever akafunua. Skrubu zimekwaruzwa. Akawasha tochi ya simu yake, Tecno, akamulika ndani ya matundu.

Kitu kama donge la unga uliokandwa. Nyaya mbili, nyekundu na buluu, zimezama humo.

 

Na plagi bado iko mkononi mwa Dorotea.

"Mama," alisema polepole, "waya wa dishi kwanza, wa televisheni unafuata, umeme mwisho kabisa. Fundi amekuambia?"

"Ameniambia. Tena akasema nisubiri atoke nje kuangalia dishi, ndiyo nichomeke."

"Sisi huku fundi ndiye anawashaga!" Gaudensia akasema. "Anawasha, tunapiga makofi, anakula. Fundi gani huyu anakimbia pilau?"

"Apite mbele!" watu wakaitikia. "Kaoa juzi nini, mbona ana haraka?"

Wakacheka, wakamsukuma. Mikono ikampokea, mikono ikampitisha, mpaka mezani. Dorotea akamwekea plagi kiganjani.

"Shika mwanangu, usione haya."

"Chomeka," Clever alisema.

Hapo hapo hofu nyingine ikamshika. Na kama huyu ni mtu wa kufa nasi?

Jasho lilimtoka fundi mpaka kidevuni. Plagi ikasogea. Ikagusa ekstensheni.

Ikaanguka chini.

"Msichomeke!" fundi alilia, magoti chini. "Jamani msichomeke, tutakufa wote!"

Nyumba ikamwagika. Milangoni, madirishani, pilau likapinduka. Katekista alitangulia.

Clever akamfunga pingu, akamtoa nje, akamwekea simu yake sikioni. Bastola aliyoikuta mkobani ikimtazama.

"Mpigie Lenz. Mwambie picha imetoka."

"Bosi... picha imetoka."

"Safi," sauti ya kigeni ikajibu. "Sasa navuka Kisorya."

Kivukoni wauza samaki walikuwa wengi kuliko siku zote. Nusu yao walikuwa na bastola ndani ya ndoo.

Kabla jua halijatua kifaa kikakwaruza. "Kamongo. Tunaye."

Wataalamu wa mabomu walishaondoka na king'amuzi. Dorotea alikaa kwenye majani, kanga kajifunga kichwani.

"Kesho siendi," alisema. "Mwambie mkuu wako siku ile moshi wa mafuta ulinijaa machoni. Sikuona mtu."

"Mama, kwenye kesi ya bunduki, bila wewe ataachiwa."

"Aachiwe. Mimi niishi."

 

Clever akachukua spana. Akaligeuza dishi likaelekea ziwani, akakaza nati, akashusha waya wa ardhini mpaka kwenye nondo. Gaudensia akaleta king'amuzi chake kwa mkopo. "Nacho mkilipue, mtanitambua," alisema. Clever akafunga waya wa dishi, akafunga wa televisheni. Kitambaa akakikunja pembeni.

Ikabaki plagi, mezani. Majirani walijazana dirishani. Hakuna aliyeingia. Lameck akaangalia dari. 

Dorotea akaingia, akakaa mbele ya plagi ile.

"Yaani Lenz anaogopa mdomo wangu," alisema, "mpaka akaninunulia televisheni?"

Akainuka. Akafumba macho. Akachomeka.

Taa nyekundu. Ikawa kijani. Kiwanja cha mpira kikafunguka ukutani, na kelele za dirishani zikaamsha mbwa wa mtaa mzima.

"Kesho asubuhi mniletee gari," Dorotea alimwambia Clever bila kugeuka. "Lisiwe la polisi. Majirani wataongea."

Clever akachota pilau lililobaki kwenye sufuria, akala akiwa amesimama. Akavaa helmeti.

Boxer iliwaka kwa teke la kwanza.