Kurasa Ambazo Apenisa Hakuzisoma

"Huyu mwanaume si wa kubuni! Yumo humu humu ndani!"

Apenisa aliitupa hadithi aliyoiandika Unaisi mezani. Darasa zima la uandishi, pale chuoni mjini Suva, likamgeukia. Mvua ilipiga juu ya bati.

Unaisi alitaka kujibu, lakini mwalimu wao, Dokta Vasiti, akainua kidole.

"Mwanangu, sheria unaijua. Kazi yako ikijadiliwa, wewe kimya mpaka wote waseme."

Unaisi akaumeza uchungu. Miaka miwili yeye na Apenisa wamependana, leo mpenzi huyo anamvua nguo mbele za watu.

"Huyu wa hadithini ana ndevu. Filimbi. Nani humu anapiga filimbi? Shalvin, hebu simama tukuone!" Apenisa akafoka.

"Kaka, mimi nimekuja kusoma," Shalvin alisema, akijishika ndevu.

"Na mwavuli uliompa Unaisi wiki jana?"

"Mvua ya Suva unaijua. Nimwache alowe?"

Watu wakacheka. Apenisa akainua simu yake juu.

"Jana nilimuuliza ni nani huyu. Kaniandikia: 'Soma, utamjua.' Nimesoma, nimemjua!"

"Jamani, maskini," Litia, aliyeketi kando, alinong'ona, akimsogezea Unaisi leso chini ya meza. Unaisi akaipokea, akaibana mkononi.

"Apenisa," mwalimu akauliza, "ulifika ukurasa wa mwisho?"

"Niliishia wa pili. Damu ilinichemka."

"Darasani kwangu unahukumu usichokisoma? Haya, usome huo wa mwisho. Kwa sauti."

Apenisa akaanza kwa kiburi.

"'Alidhani nimelala pale maktaba. Akavichukua viatu vyangu vilivyolowa, akavijaza magazeti vikauke. Akavua soksi zake kavu, akaniwekea juu yavyo, akaenda zake...'"

Akaacha kusoma, akaziweka kurasa mezani.

"Kumbe ni mimi. Nilidhani umelala," Apenisa akamwambia Unaisi polepole.

"Sasa mwandishi aseme," mwalimu akaruhusu.

Unaisi akasimama.

"Ndevu na filimbi nimeziazima kwa Shalvin, ili wewe usitambulike ukaona haya. Moyo ni wako. Lakini leo wivu wako umenipiga nikiwa nimefungwa mdomo."

"Nisamehe, Unaisi. Kaka Shalvin, nawe nisamehe."

"Mimi nimeshasahau," Shalvin alisema. "Huyo ndiye wa kumbembeleza."

Unaisi akajifuta macho, akamgeukia Apenisa.

"Wewe si unasomea kuandika miongozo ya mashine? Basi niandikie mmoja: namna ya kuishi na mimi."

"Hatua ya kwanza niandike nini?"

Unaisi akazichukua zile kurasa, akamwekea kiganjani, wala asiuondoe mkono wake.

"Soma mpaka mwisho."