Utepe Mwekundu Ulioninyang'anya Nyemo

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na mitatu, nalima shamba la baba yangu hapa Ugogo. Kigogo nimezaliwa nacho, Kiswahili na Kijerumani nimevitolea jasho darasani. Lakini bomani wananijua kama mtu asiyejua hata lugha ya mama yake!

Shuleni tulisifiwa wawili kwa lugha, mimi na rafiki yangu Chilewa. Tulilala mkeka mmoja, tukala bakuli moja. Mwaka wa mwisho Wajerumani walitangaza kwamba atakayewashinda wenzake kwa lugha tatu atavishwa utepe mwekundu mbele ya watu, kisha awe mkalimani wa boma. Niliutaka utepe ule kuliko chakula... Nilikuwa nimemchumbia Nyemo, ng'ombe wa mahari nimekwisha kuwapeleka, na baba yake alingoja kuona nitapata kazi gani.

Katika mtihani, kila mmoja wetu angemhoji mwanakijiji kwa Kigogo, kisha ageuze majibu kwa Kiswahili na Kijerumani. Chilewa ndiye aliyetumwa kuwaleta watu. Ningejuaje?

Zamu yangu ilipofika, mlango ulifunguliwa... akaingia mama yake Nyemo! Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaingia porini mpaka apite. Leo nimhoji ana kwa ana, mbele ya wanaume? Maskini, naye alijifunika uso kwa kaniki. Chilewa ni Mgogo kama mimi, alijua alichokifanya!

Nilimweleza mwalimu kwa Kijerumani kwamba yule ni mkwe wangu, naomba mtu mwingine. Akasema shuleni hakuna mkwe. "Uliza!" akafoka. Niliinamisha kichwa, nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia mwalimu akisema sijui hata Kigogo, na Chilewa akijitolea kumhoji.

Utepe akavishwa yeye. Haikupita miezi mingi, akapeleka mshenga kwa kina Nyemo. Mzee aliona mshahara, akampa binti, na ng'ombe wangu hakurudisha hata mmoja! Leo Chilewa huyo huyo akimwona yule mama njiani, anakimbilia porini kwa heshima. Heshima gani hiyo?

Nikaenda bomani kushtaki. Nilianza kwa Kijerumani, bwana mkubwa akanikatiza: mshitaki husema kupitia mkalimani. Na mkalimani ni nani? Chilewa! Nikaeleza kwa Kigogo kwamba nadai ng'ombe wangu. Akageuka, akamwambia bwana kwa Kijerumani safi kwamba nimekuja kusamehe deni la ng'ombe na kuwatakia heri maharusi. Nilielewa kila neno! Nikapiga kelele kwamba anadanganya... Askari wakanitoa kwa viboko.

Ndugu zangu mlio shuleni, someni lugha, sikatazi. Lakini mkigombea sifa na rafiki, nawasihi, msimfungulie moyo wote! Mimi nilimweleza Chilewa kila kitu, hata siku nilipomwona mama mkwe kisimani nikajitupa kwenye miiba kumkwepa... Alicheka sana, akaniuliza ningefanyaje kama pasingekuwa na miiba. Nami nikacheka naye.