Matawi ya Barabarani Si Kuni

Asubuhi mtaa wa Ilomba huamka na moshi. Masika yale kuni kavu zilikuwa adimu. Ikupa alipuliza jiko mpaka macho yakamwiva, na uji haukuchemka. Mumewe, Saulo, alikuwa karibu kurudi. Usiku alilinda ghala la reli, na alfajiri aliteremka mlima kwa baiskeli isiyo na taa. Breki yake ilikuwa soli ya kiatu.

Binti zake, Esta na Helena, wakarudi kutoka bombani. Wakamwambia mama kwamba barabarani kuna matawi ya mkaratusi, mengi, hayana mwenyewe. Ikupa akauliza kama kuna lori bovu. Wakasema hakuna.

Tangu kwao Tukuyu Ikupa alijua kwamba gari likiharibika, dereva hutandaza matawi ili wenzake wapunguze mwendo.

"Basi lori limepona, limekwenda zake," akasema. "Matawi ya nini tena? Kayaleteni. Mkaratusi huwaka hata ukiwa mbichi."

Wakayaleta yote.

Punde akaingia jirani yao, Jailos, ameshika kigae, amekuja kuomba moto. Alikuwa nyapara wa kikosi cha barabara, suruali yake imeganda lami. Helena akajificha nyuma ya mama. Watoto wasipotaka kulala, Ikupa huwaambia kuwa wale watu wa kikosi chake wanaotembea usiku na taa nyekundu ni mumiani, wanyonya damu.

Jailos alisahau moto aliouomba. Aliyatazama matawi.

"Mama Esta, haya mmeyatoa wapi?"

"Barabarani, shemeji. Lori lilishaondoka."

"Hapakuwa na lori. Pale pana shimo letu, limejaa maji, linafika magotini."

Ikupa akatazama nje. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata nyumba ya pili haionekani.

"Baba yenu," akasema. Akakumbatia matawi, akatoka mbio, watoto na Jailos nyuma yake.

Jailos akawaelekeza wasianzie shimoni. Waanzie mbali, hatua hamsini juu ya mlima, ili anayekuja apate nafasi ya kusimama. Esta akapanda mlima akitandaza. Ikupa naye akatandaza. Tawi la mwisho lilikuwa bado mkononi mwake aliposikia soli ikikwaruza lami.

Baiskeli ikapita juu ya matawi, ikayumba, ikasimama. Shimo lilikuwa hatua tatu mbele yake.

"Nani kaanika kuni barabarani?" Saulo akauliza.

Ikupa akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akasema kweli mbele ya watoto: aliyeagiza matawi yatolewe ni yeye, na waliomwokoa baba yao ni wao. Esta akanyoosha shingo kama jogoo.

Nyuma ya Saulo likaja lori la ndizi. Nalo likapunguza mwendo, likapita pembeni.

Helena akapata ujasiri. "Mzee Jailos, kwa hiyo wewe hunyonyi damu?"

"Damu ya nani, mwanangu? Mimi mwenyewe nanyonywa na viroboto."

Akawaeleza kazi ya kikosi chake. Hufanya usiku kwa sababu magari ni machache. Kwanza hufagia takataka na kuzibua mitaro, maana maji yakituama hula barabara. Kisha hukata kingo za shimo, huondoa tope na vumbi, hujaza kokoto, humwaga lami ya moto na kushindilia. Jana mvua iliwakatiza, na lami haishiki penye maji. Ndiyo maana waliacha matawi, mpaka warudi.

"Tawi ni mdomo wetu tukiwa tumelala," akasema.

Usiku ule mvua haikunyesha. Kulipokucha, barabara ilikuwa nzima, nyeusi, bado ina uvuguvugu. Esta na Helena wakaenda shule wakihadithia kila waliyekutana naye. Ikupa naye akapita nyumba kwa nyumba kuwaonya akina mama wenzake: mtoto ukimjaza hofu badala ya maelezo, atapita penye hatari asiitambue.

Baada ya wiki mbili kikosi kilikata shimo jingine, karibu na shule. Asubuhi bibi mmoja akainama kuokota tawi. Watoto kumi na wawili wakamzunguka, sare zimelowa ukungu.

"Shikamoo, bibi," akasema Helena. "Liache, bibi, linaongea."

Bibi akalitazama tawi, akawatazama watoto. Akalirudisha chini taratibu, akalinyoosha vizuri, majani yakiwaelekea wanaokuja.