Faili la Bluu Lenye Nchi Tano

Faili la bluu lilitoweka saa tatu asubuhi, saa moja tu kabla ya safari.

Lilikuwa juu ya meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na pasipoti mbili, stika ya kulipia barabara kuu za Austria, karatasi za kambi sita za watalii, na mpango wa siku kumi na mbili ambao Foekje Hoekstra aliuandika kwa mkono wake, kwa kalamu za rangi nne, kwa miezi minne mizima. Uholanzi, Ujerumani, Austria, Slovenia, Kroatia. Jamani, hata kahawa ya njiani ilipangiwa saa!

Inspekta Sietske Bouma alifika kwa baiskeli na kupitia mlango wa nyuma, kama watu wote. Hapa Bolsward, mji wetu mdogo wa Uholanzi, mlango wa mbele ni wa maharusi na maiti.

"Nani kaingia humu asubuhi hii?"

"Uliza nani hakuingia!" Foekje alifoka. "Mtaa mzima umekuja kutuaga."

Mumewe Wybren, muoka mikate, alisimama kando na kofia mpya ya safari kichwani. Nje trela ya kulalia ilishafungwa kwenye gari, imesheheni viazi kilo kumi, jibini na siagi ya karanga, utadhani huko waendako watu hawali.

"Inspekta, nisikilize," Wybren alisema. "Miaka thelathini na moja sijafunga duka. Leo nimefunga. Tusipoondoka, kesho nitauza mkate. Na nikianza kuuza, sifungi tena mpaka nife. Najijua."

Foekje naye alimjua.

Inspekta aliikagua meza. Alama za vidole zisingemsaidia, maana mtaa mzima ulikuwa umeishika meza ile. Dirisha zima, kitasa kizima. Kisha akaona kitu karibu na kopo la biskuti: pakiti ya vidonge.

"Hivi vya nani?"

"Vyangu, vya presha," Wybren alijibu. "Ajabu! Vilikuwa ndani ya faili."

"Una hakika?"

"Mke wangu alivitia mwenyewe. Siku ya kwanza, mfuko wa kwanza."

Mwizi gani huyu anayeiba pasipoti halafu anajali presha ya mwenye mali?

Jirani Durk aliitwa. Alikuwa na kinywa kikubwa kuliko trela ile, na miezi yote hiyo alikuwa akiucheka mpango wa Foekje.

"Ulikuwa wapi kati ya saa mbili na saa tatu?"

"Juu ya gari lao, nafunga baiskeli!"

"Nani alikuona?"

"Wybren! Alinishikia ngazi, akaniita ng'ombe mara tatu."

"Mara nne," Wybren alisema.

"Jikoni hukuingia?"

"Niliingia kunywa kahawa. Biskuti moja, kopo likafungwa, nikatoka. Aukje alibaki."

Aukje alikuwa dada mkubwa wa Foekje, mjane aliyeishi mitaa mitatu kutoka pale.

"Dada yangu?" Foekje alicheka. "Huyo kanisaidia kuchagua kambi zote! Inspekta, usinichekeshe, muda unakwenda."

Inspekta aliomba kwenda chooni.

Alipoketi, kalenda ya siku za kuzaliwa ilikuwa mbele ya macho yake. Kila nyumba huitundika humo, ili pasipatikane mtu wa kusema sikuona. Lakini hii ilionyesha Mei, na leo ni Juni tarehe kumi na tatu. Juu yake ilibandikwa karatasi ya Foekje, nyekundu kwa kijani: milima ya kupanda Austria. Inspekta aliinua karatasi, akafungua ukurasa wa Juni.

Alitoka mikono ikiwa bado na maji.

"Foekje. Kesho ni siku ya nani?"

"Kesho? Siku ya pili. Bavaria, ziwani, saa..." Rangi ilimtoka Foekje usoni. "Mungu wangu. Aukje. Anatimiza sabini."

Mtu wa huku aweza kukusamehe ukimgongea gari, lakini kumsahau siku yake, tena ya sabini!

Madirisha ya Aukje, kama yetu sote, hayana mapazia. Kutoka barabarani walimwona amekaa peke yake katikati ya viti kumi na vinne vilivyopangwa duara kwa wageni wa kesho, na mapambo ya karatasi juu ya kichwa chake. Foekje alishika mkono wa mumewe.

"Karibu, Inspekta," Aukje alisema. Hakunyanyuka.

"Mgeni huku hupokewa kwa kusimama, mama."

"Magoti yananiuma."

"Asubuhi umetembea mitaa mitatu kwenda na kurudi."

"Ndiyo maana yanauma."

"Simama, mama Aukje."

Alisimama. Chini ya mto wa kiti ncha ya bluu ilichomoza.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Nilitaka wachelewe. Siku moja tu."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Nizaliwe mimi, nikumbushe mimi?" Sauti yake ilipanda. "Miezi minne nimekaa jikoni kwake nikimezeshwa Slovenia! Nikamuuliza, 'Mnaondoka tarehe kumi na tatu kweli?' Akanijibu, 'Ndiyo, dada, hali ya hewa itakuwa nzuri.' Keki yangu huioka shemeji kila mwaka. Mwaka huu hata keki hakuna aliyeniuliza."

"Na vidonge?"

"Hasira yangu ilikuwa kwa faili. Shemeji simtakii kiharusi."

Foekje alilia waziwazi. Inspekta alifungua faili kuhakiki mali. Alihesabu pasipoti, akahesabu tena.

"Mlisema mbili."

"Mbili," Wybren alisema.

"Hapa zipo tatu."

Aukje akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nilikuwa naangalia tu," alisema polepole. "Nilisoma mpango wote hapa, peke yangu. Ni mzuri sana, Foekje. Nikaitia yangu humo nione inavyokaa na zenu."

Hapo Foekje alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alichukua kalamu nyekundu, akakata tarehe kumi na tatu, akaandika kumi na tano. Akateremka ukurasa mzima, siku kwa siku, kahawa kwa kahawa. Penye watu wawili aliandika watatu.

"Duka halifunguliwi," Wybren alisema, akivua kofia ya safari. "Nawasha tanuri kwa keki moja tu. Inspekta, kesho uje. Kiti kipo."

"Na shitaka la wizi?"

"Wizi upi?" Foekje alipangusa pua. "Faili liko kwa msafiri wangu."

Inspekta alifunga daftari lake, akajikuta anatabasamu.

"Dada," Foekje alisema, "bado unakoroma?"

"Kama trekta."

"Basi utalala trela na shemeji yako, mkoromeane. Mimi nachukua hema."