Chupa ya Maji ya Bondeni

Kila siku, jua linapochomoza, Apolinaria alikuwa ameshateremka kwenye kisima cha Bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Akikutana na akina mama njiani aliwaamkia "mwangaluka" kwa Kinyamwezi, nao wakamwitikia bila kusimama, maana kila mtu alikuwa na haraka yake. Nyumbani alifagia uwanja, akamnawisha uso mdogo wake Amon aliyekuwa na miaka minne, akanywa uji, akashika njia ya shule. Baba yao alikuwa kwenye mabani, akichochea moto wa kukaushia tumbaku, na huenda wiki mbili zikapita bila kumwona. Mama yao, Martha, alishinda shambani. Kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yalimwangukia Apolinaria, ingawa alikuwa Darasa la Sita tu.

Kilichomfanya asikose shule ni kipindi cha sayansi. Mwalimu wao aliitwa Justus Manirambona, mzaliwa wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima waliotoka Burundi. Alipohamia kijijini kwao, Kigwa, alishuka na begi moja la nguo na magunia mawili ya chupa tupu, vipande vya vioo, nyaya na mishumaa. Watu walidhani anafanya biashara ya vyuma chakavu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa maabara yake.

Mwalimu Manirambona hakuwaambia wanafunzi kwamba mshumaa hauwaki bila hewa. Aliwasha mshumaa, akashika bilauri juu yake, akawataka kwanza kila mmoja aandike anachodhani kitatokea. Kisha akaufunika. Aliyekuwa amekisia vibaya akichukua kifutio, mwalimu alimzuia. "Usifute," alisema. "Nataka nione ulikotoka." Na hata aliyejibu sawasawa hakuachwa aketi upesi, aliulizwa, "Umejuaje?" Mwanafunzi akimuuliza jambo asilolijua, hakukasirika wala hakuzunguka maneno. Alisema hajui, akaliandika swali pembeni mwa ubao, na baada ya siku kadhaa akaja na jibu. Katika darasa lake hakuna aliyechekwa kwa kukosea.

Mwezi Februari mvua zilinyesha kwa mfululizo, na watoto wa upande mmoja wa kijiji wakaanza kuumwa matumbo. Mwalimu alikwenda Tabora mjini kwa rafiki yake anayefanya kazi ya kupima maji, akarudi na chupa ndogo tano. Ndani ya kila chupa mlikuwa na kipande cha karatasi chenye dawa. Aliwaeleza kwamba maji yakiwa safi, karatasi hubaki na rangi yake. Yakiwa yameingia vijidudu vya kinyesi, maji na karatasi hugeuka vyeusi baada ya siku moja au mbili. Walichagua mahali patano ambapo watu huchota maji: bomba la shule na visima vinne. Apolinaria alipewa kisima cha Bondeni, kwa sababu alikwenda huko kila siku.

Asubuhi ya kazi hiyo Amon aliamka analia, uji ukamwagika, na Apolinaria akaenda kisimani na kurudi akiwa na mawazo mengi. Alipofika kwenye uzio wa shule alipapasa begi lake, akatoa chupa. Ilikuwa tupu, alisahau kuijaza kisimani. Bondeni palikuwa mwendo wa nusu saa, na kengele ilikuwa imeshalia. Akawaza jinsi mwalimu alivyomwamini mbele ya wenzake. Akatazama kushoto na kulia, akasogea kwenye bomba la shule, akaijaza chupa pale. Maji ni maji, alijiambia.

Siku mbili baadaye darasa zima lilizizunguka chupa. Chupa tatu za visima vingine zilikuwa nyeusi kama masizi. Ya bomba ilikuwa safi, na ya Bondeni safi vilevile. Mwalimu aliinua chupa ya Bondeni akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Kisima cha wazi, mvua zote zile, na maji hayana kitu? Akamgeukia Apolinaria.

"Umeyachota mwenyewe? Kisimani?"

"Ndiyo, mwalimu. Mwenyewe."

Akamwangalia kidogo, akaandika "safi" ubaoni, na kando yake akaweka alama ya kuuliza. Alisema atatafuta chupa nyingine apime tena. Lakini siku hiyohiyo wanafunzi walikwenda na habari majumbani, na habari ilikimbia kuliko mwalimu. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba visima vitatu vichafu visitumiwe, na kwa kuwa bomba la shule lisingewatosha, wote wachote Bondeni, ambako maji yamepimwa na shule.

Apolinaria alipofika nyumbani alimkuta mama yake amefurahi. Siku zote Martha alichemsha maji ya kunywa, lakini kuni zilikuwa mbichi na moshi ulimuumiza macho. Sasa sufuria la kuchemshia alikuwa ameligeuza kifudifudi. Alimwambia jirani aliyeketi naye kwamba hana haja tena ya kuhangaika, kwani maji ameyapima binti yake. Apolinaria alitaka kusema. Alijizuia, kwa sababu jirani alikuwa pale, na mama alikuwa anatabasamu kama ambavyo hakuwa ametabasamu tangu baba aondoke. Nitasema kesho, alijiambia. Kesho ikafika, akasema kesho kutwa. Mara mbili aliweka sufuria jikoni yeye mwenyewe, na mara zote mbili mama alimwambia asichezee kuni.

Siku ya tano Amon alianza kuharisha. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ametapika hata maji. Macho yalimzama, midomo ikapasuka, na mama alipofinya ngozi ya tumbo lake, ngozi ilibaki imesimama. Martha alimfunga mgongoni wakatoka mbio kwenda zahanati, Apolinaria akifuata na kanga na kopo.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watoto walilala wawiliwawili kitandani, wengine kwenye mikeka barazani, na mama zao wakiwanywesha kwa kijiko maji ya dawa ya chumvi na sukari. Muuguzi aliuliza kila aliyeingia anachota maji wapi, naye akajibiwa neno moja: Bondeni. Apolinaria alilisikia neno hilo mara nane, akaacha kuhesabu. Amon aliteremshwa mezani. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono, akaukosa, akatafuta kwenye mguu, akaukosa. Mtoto hakulia hata alipochomwa sindano, na hilo ndilo lililomtisha Apolinaria kuliko yote. Hatimaye mshipa ulipatikana kichwani, dripu ikaanza kudondoka, na muuguzi akasema gari linaitwa limpeleke hospitali ya mkoa Tabora.

"Lakini maji yalipimwa," Martha alikuwa anarudia, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Binti yangu aliyapima. Yalikuwa safi."

Apolinaria alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kisha akageuka akakimbia. Hakujua anakwenda wapi mpaka alipojiona kwenye mlango wa darasa. Wenzake walikuwa wamekwenda nyumbani kula. Mwalimu Manirambona alikuwa peke yake, amechora ramani ya kijiji ubaoni na kutia alama nyekundu kila nyumba yenye mgonjwa. Alama zilikuwa zimezunguka Bondeni kama nzi. Chaki ilikuwa mkononi na shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Sielewi," alisema bila kugeuka, akidhani ni mwalimu mwenzake. "Ramani inasema Bondeni. Chupa inasema hapana. Kimojawapo kinanidanganya."

"Ni mimi, mwalimu."

Aligeuka. Apolinaria alikuwa bado mlangoni. Alieleza yote: chupa iliyosahauliwa, kengele, bomba, na siku zote alizonyamaza. Alisema Amon hana mishipa tena. Alisema mama yake bado anamtetea.

Mwalimu alikaa juu ya dawati. Apolinaria alisubiri fimbo, na kwa kweli aliitamani, kwa kuwa alidhani ingemwondolea lile jiwe kifuani. Fimbo haikuja. Mwalimu aliuficha uso wake mikononi, na aliponyanyua kichwa macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliweka alama ya kuuliza halafu nikaiacha," alisema polepole. "Nilikuwa na shaka, nikakawia. Hilo ni langu, sitakubebesha wewe. La kwako ni la kwako. Tutayazungumza yote mawili baadaye. Sasa hivi kuna watu wanachota maji pale."

Waliteremka Bondeni pamoja, karibu wakikimbia. Akina mama kama kumi walikuwa wamezunguka kisima na madumu yao. Mwalimu alimwambia Apolinaria kwamba yeye kama mwalimu angeweza kuwaambia, lakini watu watamwamini zaidi aliyefanya jambo kuliko anayelisimulia. Basi Apolinaria akasimama kando ya kisima, akasema maji yale hayajawahi kupimwa, na kwamba yeye alidanganya.

Akina mama waliacha kuchota. Kisha mwanamke mmoja aitwaye Marcelina, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa tangu jana, alimwaga dumu lake lote chini. Alimtazama Apolinaria kwa macho makavu, akamuuliza kama anajua kuzika mtoto ni kitu gani. Apolinaria aliyatazama maji yakinywewa na udongo. Mwalimu hakumtetea kwa neno, ila alisogea akasimama karibu naye mpaka wote walipoondoka na madumu matupu.

Gari lilikuwa limekwishaondoka na Martha na Amon. Jioni ile, kwa simu ya mwalimu, Apolinaria alimweleza mama yake ukweli. Upande wa pili zilisikika kelele za wodi tu. Halafu simu ikakatwa. Siku mbili zilizofuata Martha hakupiga simu wala hakupokea, na hakuna aliyejua kama Amon yu hai. Apolinaria alilala kwa jirani, akala kwa kulazimishwa.

Katika siku hizo mbili mwalimu hakupumzika. Alikwenda Tabora kwa basi la alfajiri, akarudi na chupa kumi na mbili kwa gari la kwanza, bila kupata nafasi ya kufika hospitalini. Safari hii walichota wanafunzi watatu kwa kila kisima, kila mmoja peke yake, na mwalimu mwenyewe akiangalia. Mwalimu Mkuu alitaka Apolinaria asiguse chupa tena. Mwalimu Manirambona aliomba Apolinaria apewe ya kwanza, akisema anayejua uchungu wa kipimo cha uongo atapima kwa uangalifu kuliko wengine. Asubuhi iliyofuata chupa zote tatu za Bondeni zilikuwa nyeusi.

Hakuishia hapo. Aliwauliza wanafunzi uchafu umepitia wapi, akawaacha wabishane. Rafiki yake Apolinaria, Najiat, alikisia ng'ombe. Wengine wakasema vyura. Wakafuata mkondo wa mvua kupanda mlima, hatua kwa hatua, mpaka wakafika kwenye choo cha shimo kilichobomolewa na mvua nyuma ya ua wa miti ya mibono. Maji yalikuwa yanatoka pale moja kwa moja kuelekea kisimani. Afisa afya alikuja mchana ule, kisima kikatiwa dawa na kufungwa, choo kikafukiwa na kingine kuchimbwa mbali, na mwenyekiti akapita nyumba kwa nyumba kuagiza maji yachemshwe.

Siku ya tatu simu ya mwalimu ililia. Ilikuwa Martha. Alisema Amon ameomba uji. Kabla ya kukata aliuliza kama Apolinaria anakula. Apolinaria alikaa chini palepale, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Amon alirudi baada ya wiki, shingo imekuwa nyembamba kama bua. Watoto wote wa zahanati walipona, hata wa Marcelina, ingawa Marcelina hakurudia kumsalimu Apolinaria kwa miezi mingi, na Apolinaria aliona ni haki yake. Martha alikuja na Apolinaria shuleni. Baada ya kuamkiana na mwalimu alimuuliza kwa nini hakumwadhibu binti yake, maana yeye nyumbani ameshindwa kuamua.

Mwalimu aliwaita wanafunzi wote wasogee wasikie. Kwanza aliwaomba radhi mbele ya mzazi: alipokuwa na shaka alipaswa kumzuia mwenyekiti siku ileile, na hakufanya hivyo. Walimu wengine waliokuwa karibu waliinamisha macho, hawakuwa wamezoea kuona mwalimu akiungama mbele ya watoto. Kisha akasema:

"Mama, ningemchapa angejifunza kuogopa fimbo. Aliposimama pale kisimani alijifunza kitu kizito zaidi. Nanyi sikilizeni. Ukisahau, sema umesahau. Ukikosea, sema umekosea. Kosa lililosemwa asubuhi tunalirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Kosa lililofichwa hunywewa na watu wasiolijua, na wa kwanza kulinywa ni yule unayempenda."

Martha alimshika Apolinaria bega. Mkono wake haukuondoka pale mpaka walipofika nyumbani.