Bi Dodoso na Darasa Tupu

Mashine ya fotokopi ilitafuna karatasi kwa mara ya tatu, foleni nzima dukani ikaguna. Mwalimu wa sayansi, shati lina udongo mpaka kwenye kola, akamsemesha dada aliyekuwa mbele yake, gauni la bluu na viatu visivyojua vumbi.

"Dada, kurasa ishirini na nne! Unachapisha kitabu?"

"Dodoso, kaka. Tunapima kama wanafunzi wanaosoma kwa miradi wanaelewa kuliko wanaokariri."

"Kumbe! Wangu wanachimba mtaro wa maji ya mvua. Hesabu zote humo humo."

"Basi nitakuja kukupima."

Hakuja mara moja tu. Alikuja mara nne, na dodoso akalisahau zote nne. Wanafunzi wakambandika jina la Bi Dodoso hivyo hivyo. Simu zikawa haziishi, utani kutwa, ila neno lenyewe kila mmoja alimwachia mwenzake alianze. Watu wazima hao!

Kisha ripoti ya watathmini ikatoka: "Darasa lilikutwa tupu. Mradi hauna matokeo." Mkuu wa shule akausimamisha. Lingeachaje kuwa tupu, na wote walikuwa nje wakipima mtaro? Mwalimu akajua ni kazi ya Bi Dodoso tu. Akaacha kupokea simu zake wiki mbili nzima, kichwa kigumu yule.

Siku ya kumi na tano akamkuta mlangoni mwa darasa, amefura.

"Simu yako imekufa, au wewe ndiye umekufa?"

"Umeniua wewe. Ulishindwa hata kuchungulia dirishani?"

"Sikuandika mimi! Shule yako alipewa mwenzangu. Nimeshalalamika, anarudishwa Jumatatu, na safari hii ataanzia mtaroni."

"Ulimwachia kwa nini? Uliniahidi utanipima wewe."

Bi Dodoso akaingia darasani, akafungua mkoba kwa hasira, akambwagia karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya watathmini. Swali la tisa: "Je, una uhusiano na mwalimu yeyote wa shule hii?" Alikuwa ametia tiki kwenye "ndiyo".

Mwalimu akatazama tarehe. Siku tatu tu baada ya foleni ile.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisubiri useme wewe! Nimesubiri mpaka nimechoka."

Mwalimu akakaa kitini, hasira zote zimemwisha.

"Nije lini kwenu, niongee na mama?"

"Ungepokea simu, ungekuwa umeshakuja."