Kamate, Jibu Kabla Wazee Hawajakunywa

"Munezero, mutoto yangu, tukunywe?"

Muzee Harelimana aliuliza, mkono uko tayari kwenye chupa. Kwetu mtaa wa Katoyi, bia ya mahari haifunguliwi mpaka binti aseme ndiyo mbele ya familia zote mbili. Sisi majirani tulikuwa tunasubiri tu kupiga vigelegele.

"Papa, ngoja kwanza. Niko na swali kwa Kamate."

Kamate, mchumba wake, mfanyabiashara wa Butembo, akacheka kidogo.

"Chérie, leo si siku ya maswali."

"Ni leo tu. Nikisema ndiyo, nani atakuuliza tena?"

Akatoa simu, akasoma mesaji ambayo Kamate alimtumia wakati wa vita, baada ya Théogène, kaka yake Munezero, kupotea kwenye barabara ya Sake: "Sikumuacha ndugu yako sababu ya woga."

"Mama anasema hukumuacha. Mimi nasikia ulimuacha, ila si sababu ya woga. Tunabishana mpaka leo, hata kumlilia tumeshindwa. Sema wazi: ulimuacha?"

"Munezero, nakupenda..."

"Najua! Na mimi nakupenda, ndiyo maana naumia. Jibu."

Jasho likamtoka. Jamani, mwanaume mzima anatafuta maneno ya kujifichia!

"Nilimuacha," akasema. "Pale Lac Vert, kwenye barabara hiyo ya Sake. Bomu lilimuumiza miguu. Moto yangu, ile pikipiki, ilikuwa na muzigo, nafasi haikuwa."

"Muzigo gani?"

"Muzigo tu, chérie."

"Nimekuuliza, muzigo gani?"

"Vitenge vya mahari. Niliona nikivipoteza, nitakupoteza."

Mama Mukamugema, mama yake Munezero, alikuwa amevipakata vitenge hivyo hivyo.

"Alikuwa bado anapumua?" akauliza polepole.

"Ndiyo, mama. Alikuwa ananiita. Nilirudi kesho yake, nikakuta watu wameisha kumuzika."

Mama alivishusha vile vitenge sakafuni kimoja kimoja. Mimi niliyekuwa pembeni yake nilishindwa hata kumshika bega.

Munezero akamgeukia baba yake, machozi yanamshuka.

"Papa, musikunywe. Mutoe hizi meza, tuanze kilio cha Théogène."

Muzee akatoa mkono kwenye chupa. Kamate alikuwa bado amekaa katikati yetu tulipoanza kulia.